Vidole vya Nahodha

Jahazi halina dari. Baharia hulala juu ya shehena, iwe magunia ya tende au boriti za mikoko, na akigeuka ubavu usiku wa manane huiona nyota iliyokuwa kushoto kwa mlingoti imekwisha kuhamia kulia. Naamini elimu ya nyota ya Bahari ya Hindi ilianzia hapo, kwa watu walioishi chomboni miezi kwa miezi, wakaizoea mbingu hadi wakaipenda. Kuipima kulikuja baadaye.

Walipima kwa vidole. Nyosha mkono, laza kidole juu ya upeo wa macho: unene wake ndio kipimo. Duara zima la mbingu lilihesabiwa vidole 224, yaani kila kidole digrii moja na dakika 36 hivi. Na kwa kuwa vidole vya watu havilingani, kukawa na kamal, kibao kidogo kilichotobolewa katikati na kutiwa uzi wenye mafundo. Nahodha aling'ata fundo la bandari aendayo, akakisukuma kibao mbele mpaka uzi ukakazika, ukingo wa chini ukigusa pale maji yanapokutana na mbingu. Kama anashuka kusini na Nyota ya Kaskazini bado iko juu ya kibao, safari ingalipo. Ikiugusa ukingo wa juu, amefika usawa wa bandari. Kilichobaki ni kugeuza omo kuelekea pwani.

Tazama ugumu wake. Nyota na upeo sharti vionekane pamoja, jambo linalopatikana giza linapoingia, au alfajiri, au usiku wa mbalamwezi. Chombo nacho hakitulii. Anangoja wimbi lipite chini ya tezi, jahazi likae sawa kidogo, ndipo apime, uzi ungali menoni. Sijui kazi nyingine ya mikono inayodai subira na wepesi kwa mara moja namna hii.

Ahmad ibn Majid, rubani wa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, aliyaandika haya katika karne ya 15, na kitabu chake kikubwa kuhusu misingi ya elimu ya bahari ni cha mnamo 1490. Yeye na wenzake walijua tatizo ambalo sisi wa pwani hii twalikuta kila usiku: huku Nyota ya Kaskazini hufa. Anayetoka Omani na kaskazi huiona ikishuka kidogo kidogo. Mogadishu imekaribia kabisa maji, na Lamu haipo tena. Ilipokuwa chini mno, manahodha walihamia kwenye nyota mbili angavu za Dubu Mdogo, nazo zikizidi kushuka wakazigeukia za kusini. Hili ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Mtu aliyejifunza mbingu moja tangu utotoni ilimbidi, safarini humo humo, awe mwenyeji wa mbingu ya pili.

Na mbingu yetu ni karimu. Karibu na Ikweta nyota huchomoza wima, hivyo hudumu kwa muda mrefu katika upande ule ule na kumfaa mshika usukani. Mkanda wa Jabari hutoka mashariki barabara. Katikati ya Februari, yapata saa tatu usiku, Suheli imesimama kusini, angavu kuliko nyota zote isipokuwa Shira, wakati huo huo kaskazi linapojaza matanga ya wanaokwenda Kilwa.

Mei, kusi likishika, vyombo hurudi juu. Saa hiyo hiyo ya usiku Msalaba wa Kusini umesimama wima. Anayetoka Kilwa Kisiwani hadi Lamu, akiupima mguu wake kila usiku kwa mkono ulionyoshwa, atauona umeshuka vidole vinne.