Sifa ya Shamba la Mseto

Uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanzania, umesifiwa sana kwa vinyago. Upo ufundi mwingine wa hukohuko usio na maonyesho wala wanunuzi wa kigeni: kupanda kunde, mbaazi, njugu mawe na mihogo katikati ya mikorosho michanga. Udongo wa Newala una mchanga mwingi. Maji ya mvua huzama upesi yakiondoka na virutubisho, na ndiyo sababu vizazi kwa vizazi watu walishuka mabondeni kuteka maji. Udongo wa namna hii hauna akiba. Chakula cha mmea sharti kipikwe humohumo, kila msimu, na wapishi ni bakteria. Ng'oa shina la kunde lililochanua upasue kinundu kimoja cha mzizi. Kikiwa chekundu ndani, bakteria wake wamo kazini: wanakamata naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, nao unawalipa kwa sukari. Maabara za Ulaya zilithibitisha jambo hili miaka ya 1880. Tena kunde na njugu mawe hazichagui sana, hupokea bakteria wa aina nyingi waliozoea udongo wa kwao, ilhali soya mara nyingi hutaka iletewe wa kwake.

Atasema mtu: mkulima huyo hakuwajua bakteria, basi anasifiwa kwa lipi? Kwa uamuzi wake. Anajua zao gani lifuate lipi, mbaazi ziachiane nafasi gani, mche gani usizibiwe jua. Karibu na Masasi, huko Nachingwea, Waingereza waliotaka kulima karanga kuanzia 1947 walikuwa na sayansi, matrekta na fedha, na mradi ukafa 1951. Karanga nazo zina vinundu. Kilichokosekana ni subira ya kuijua ardhi kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la salfa inayopuliziwa mikorosho. Mavuno ya korosho nchini, yaliyofikia tani 145,000 msimu wa 1973/74, yaliporomoka vibaya katika mwongo uliofuata. Watu kuhamishiwa vijijini na bei duni vilichangia, lakini ugonjwa wa ubwiriunga nao ulikausha maua, na unga wa salfa ukasaidia kuyaokoa. Siwezi kumwambia mkulima wa Masasi aache kupulizia. Hata hivyo salfa inayoanguka chini hugeuzwa tindikali, na wanaoigeuza ni bakteria wengine wa udongoni. Utafiti wa miaka ya 1990 kusini mwa Tanzania ulionyesha uchachu ukiongezeka chini ya mikorosho. Watafiti Noah Fierer na Robert Jackson, walipolinganisha udongo wa sehemu nyingi za bara la Amerika mwaka 2006, walikuta kwamba wingi wa aina za bakteria hufuata uchachu kuliko joto au mvua: udongo mchachu wa msitu wa Amazon nchini Peru ulikuwa na aina chache kuliko ule wa nyika kame. Kwa hiyo ukijani wa mikorosho hautuambii hali ya udongo wake. Na hapo ndipo ufundi ninaousifu unapokatizwa, kwa sababu matawi yakishafungana kunde hazioti tena kivulini, na udongo unabaki ukipokea salfa kila mwaka pasipo mikunde. Kupunguza mikorosho iliyosongamana hufikiriwa kuwa ni kwa faida ya mti. Mimi naona kunazirudishia kunde nafasi yake.