All Star juu ya mawe ya Nyarugusu

Raba zangu ni All Star nyeusi, shingo ndefu, za mtumba, shilingi 30,000 pale Katoro. Kwa sura sina ugomvi nazo. Converse walianza kuzitengeneza mwaka 1917, na jina la Chuck Taylor, mcheza kikapu aliyezunguka Marekani akizinadi, likaongezwa miaka ya 1930. Nyota kifundoni na pua ya mpira mweupe bado zipo. Zinakubali jinzi, zinakubali kitenge.

Kwa ufundi nazipa alama nzuri, si zote. Sehemu ya juu ni turubai la pamba, na kwa mtu wa Shinyanga hilo si jambo dogo: wengi wetu wazazi wetu walisomeshwa na pamba. Turubai linapitisha hewa, linafuliwa, linakauka upesi kwa jua letu. Lakini linakunywa vumbi. Na pale kiatu kinapokunjia, karibu na kidole kidogo, zangu zilianza kuachia soli. Fundi alizishona kwa shilingi 2,000.

Tatizo ni raha. Soli ni bapa na nyembamba, haina mto wa maana kisiginoni. Zilibuniwa kwa ajili ya uwanja wa kikapu, sakafu laini isiyo na jiwe. Mimi nilizivaa Nyarugusu, nilipokwenda kumwona kaka yangu anayechimba dhahabu kwenye duara la mtu mwingine. Kutoka barabarani tulikanyaga mawe yaliyopasuliwa, na kila ncha niliisikia unyayoni. Yeye alivaa gambuti zenye kiraka cha tyubu.

"Hizi bei gani, mdogo wangu?"

"Elfu kumi."

Nilidanganya kwa sababu nusu ya ada yangu ya uzamili inatoka kwenye duara lile.

"Ukipata tena za elfu kumi, namba 43, ninunulie."

Namba 43 nimeziona, shilingi 35,000. Nimezishika, nimezikunja, nimekagua gundi, nikazirudisha. Nilijiambia kwamba kwa kazi yake hazifai: maji ya shimoni yataingia kwenye turubai siku ya kwanza, na jiwe likianguka, pua ya mpira haitakinga kidole. Yote hayo ni kweli.

Ila kaka hakusema anazitaka za kazini.