Subira ya Uhuru

Mwezi wa tano, saa tatu usiku, ukisimama ufukweni Rumonge, Burundi, ukaelekea kusini, Msalaba wa Kusini unakuwa wima juu ya Ziwa Tanganyika. Taa za apollo, vile vyombo vya kuvulia ndagala, hufifisha nyota ndogo. Karibu na Msalaba huo ipo Centaurus X-3, chanzo cha eksirei ambacho jicho halitakiona hata taa zote zikizimwa. Siri yake ilifichuliwa na chombo kilichorushwa kutoka upande wetu huu wa Afrika.

Setilaiti Uhuru, ya kusaka eksirei angani, iliruka tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru. Riccardo Giacconi, kiongozi wa mradi huo, na wenzake hawakuichagua ikweta hivi hivi. Elektroni na protoni zilizonaswa na sumaku ya dunia hushuka chini mno juu ya Atlantiki ya Kusini, na hapo zingevuruga vipimo. Njia ya Uhuru haikuvuka digrii 3 kusini wala kaskazini, ikakwepa sehemu kubwa ya vurugu hizo. Kwa siku ilipita karibu na anga ya Burundi zaidi ya mara kumi.

Sasa tazama ufundi wenyewe. Hakuna kioo, hakuna lenzi. Ni vipimio viwili vya gesi vilivyopeana mgongo, kila kimoja kikichungulia angani kupitia vijia vya metali, kimoja vyembamba, kingine vipana. Eksirei ikiingia, gesi inatoa mpigo mdogo wa umeme. Basi. Chombo kizima kilijizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, kikipitia ukanda uleule wa anga tena na tena, maana nyota hafifu hutoa mipigo michache na mwenye pupa haipati.

Ndivyo Centaurus X-3 ilivyoonekana ikipiga kila baada ya sekunde 4.8, na kufunikwa na nyota mwenzake kila siku 2.1. Gesi ya nyota kubwa inamwagikia nyota ya nyutroni iliyo ndogo. Chembe zinavyoanguka, mvutano unazizidishia mwendo hadi karibu nusu ya kasi ya mwanga, sumaku kali inazikusanya kwenye ncha mbili, na zikigonga pale mwendo wote unageuka joto la mamilioni ya digrii. Joto hilo ndilo linalotufikia kama eksirei.

Uhuru ilinyamaza Machi 1973. Orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339, na Giacconi alipata Nobel mwaka 2002. Zimekuja darubini kali kuliko hiyo. Iliyofanya mengi kwa vifaa vichache kiasi kile, mimi sijaijua.