Ujira wa Mpiga Kanuni

Kanuni ya taarabu haipigwi papo hapo inapowekwa mapajani. Ina nyuzi zaidi ya 70, zimepangwa tatutatu, na kila tatu lazima zitoe sauti moja. Hewa ya Mombasa, kwa unyevu na chumvi yake, huweza kuziharibu hata zilizolinganishwa jana tu. Kwa hiyo mpiga kanuni hufika kwenye harusi viti havijapangwa, akakaa pembeni na ufunguo wake mdogo, akikaza huu na kulegeza ule, sikio kaliinamisha karibu na ubao. Wanaopita na masinia ya sambusa wala hawamtazami. Akisharidhika ndipo huvaa pete zake mbili kwenye vidole vya shahada, akachomeka vile vijiti vya kudonolea nyuzi, akamwangalia mpiga udi. Wageni hudhani kazi yake ndiyo inaanza.

Dhana hiyo ndiyo iliyowaumiza wasanii wa jukwaani wakati wa korona. Tulihesabu saa zile tu tunazowaona, na saa hizo zilipofutwa tukaona wamepumzishwa, kana kwamba hapakuwa na kazi iliyokatika.

Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020. Tarehe 27 ya mwezi huohuo kafyu ikaanza, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, asiingie mtu wala asitoke. Mwezi wa Mei Mji wa Kale wa Mombasa nao ukafungwa peke yake. Sibishani na haja ya kuwakinga watu. Maradhi yale yaliua, na tuliwazika jamaa zetu tukiwa wachache makaburini. Lakini chukua ratiba ya msanii wa Pwani uilinganishe na amri hizo. Taarabu huanza baada ya isha. Bango, muziki ambao Mzee Ngala aliulea na kuupa jina, hukolea usiku. Vikundi vya ngoma vinavyotumbuiza kwenye hoteli za Diani na Bamburi hungoja watalii wale chakula cha jioni kwanza. Seremala aliweza kufungua karakana yake asubuhi akapata chochote kabla ya saa za kafyu. Mwimbaji hakuwa na asubuhi ya kufungua. Na kafyu ile, saa zake zikisogezwa huku na kule, haikuondolewa hadi tarehe 20 Oktoba 2021.

Kuna jambo jingine ambalo asiyekaa kwenye taarabu ya harusi huenda asilijue. Bei iliyopatanwa na wenye shughuli mara nyingi hugawanywa kwa kikundi kizima: wapigaji, mwenye vipaza sauti, gari la kubebea vyombo. Riziki ya mwimbaji mwenyewe hutoka kwa wanaomtuza. Mwanamke ameketi kimya, mara wimbo unafika kwenye fumbo lililomgusa, au analotaka limguse aliyekaa safu ya pili. Ananyanyuka, anakuja mbele akicheza polepole, noti kaiinua juu ionekane na wote, anazunguka mara moja, kisha anamwekea mwimbaji mkononi. Nyuma yake wameshasimama wengine. Hapo ndipo utamtambua aliyebobea. Halikimbizi shairi, anarudia kiitikio, anamtupia jicho mpiga fidla aongeze kidogo, anamsubiri mama wa watu afike na heshima zake. Mshororo mmoja unaweza kurefushwa mpaka foleni yote imemalizika, na bado wimbo usichoshe. Ufundi huo haumo kwenye daftari la mashairi wala kwenye santuri. Umo kati ya watu waliokaribiana.

Sasa fikiria masharti ya afya: msikaribiane, msishikane mikono, msikusanyike ndani. Mshahara wa mwimbaji ulikuwa umejengwa juu ya hayo yote matatu yaliyokatazwa.

Wengi walijaribu njia ya intaneti. Walipiga muziki sebuleni mbele ya simu, wakarusha moja kwa moja kwenye Facebook na YouTube, namba ya M-Pesa imeandikwa chini ya skrini. Nawaheshimu kwa hilo, maana walikuwa wakijifunza kazi mpya huku wana njaa. Hata hivyo watazamaji walikuwa wepesi zaidi wa kutuma alama za moyo kuliko shilingi. Na mwimbaji wa taarabu anayeimbia simu hana wa kumtazama. Hajui arudie wapi, hajui fumbo limempata nani.

Wakati huohuo kila mtu aliwahitaji. Serikali na mashirika yalipotaka watu wanawe mikono na wavae barakoa, yaliwaendea wasanii, kwa sababu wimbo hufika pasipofika tangazo la daktari. Uganda, Bobi Wine na Nubian Li walitoa wimbo wao wa tahadhari mwezi Machi 2020, mapema kabisa. Majumbani tulishinda na redio, filamu na nyimbo za zamani. Dunia nzima ikacheza Jerusalema ya Master KG na Nomcebo. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba muziki ni anasa. Tuliutumia kama dawa, ila bili ya dawa hatukuilipa.

Aprili 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba shilingi milioni 100 za mfuko wa michezo zitaelekezwa kwa wasanii. Lilikuwa jambo jema, na angalau lilikiri kwamba hawa nao ni wafanyakazi. Lakini msaada wa namna hiyo humfikia aliye kwenye orodha. Mpiga dumbak wa harusi za Majengo hana risiti wala mkataba. Ana namba za simu za makungwi na wenye kumbi. Ukimtaka athibitishe kuwa ni msanii, atakuonyesha mikono yake.

Ninaloliwazia zaidi ni wanafunzi. Kanuni hujifunzi ukamaliza nyumbani. Kijana hukaa nyuma ya fundi wake harusi baada ya harusi, akiona jinsi anavyomfuata mwimbaji aliyeamua ghafla kurefusha, jinsi anavyoufunika uzi uliolegea katikati ya wimbo bila mtu kutambua. Wapigaji wa chakacha nao ni hivyo hivyo: nani apige msondo, nani chapuo, nani vumi, na ngozi iote moto kiasi gani kabla ya kuanza, hayo hufundishwa uani, shughuli ikiendelea. Shughuli zilipokoma, darasa lilifungwa pia, na darasa hilo halikuwamo kwenye hesabu ya shule zilizofungwa.

Kwa hiyo ninayo maombi, na sitayafunga kwa maneno matamu. Serikali za kaunti za Pwani ziandikishe wapigaji wa harusi na wachezaji wa ngoma sasa, wakati hakuna dharura, ili siku ya dharura wasitafutwe. Wenye hoteli wawaandikie mikataba wachezaji wao kama wanavyowaandikia wapishi. Nawe mwenye harusi, andikianeni na msanii hata kwenye karatasi moja, ulipe kabla usiku haujaisha, usimwambie apitie kesho. Likitokea la kutokea ukaahirisha sherehe, usidai arbuni yako. Tarehe ile alikuwa ameshawakatalia wengine kwa ajili yako.