Gogo Lililofichwa: Taamuli, Sauti na Matumizi ya Neno "Sanamu"

Katika uhakiki wa sanaa za jadi, neno "sanamu" aghalabu hutumiwa kwa kila gogo lililopitiwa na tezo. Matumizi hayo yana ila. Humzoeza mhakiki kuuliza juu ya kinachoonekana tu, akasahau kwamba zipo kazi za mti ambazo fani yake imesimama juu ya kufichwa. Mifano miwili, mmoja wa Japani na mmoja wa bonde la Mto Tana, yatosha kulibainisha jambo hili.

Wa kwanza ni sanamu ya mtawa wa Kibudha, Chōgen, iliyochongwa mwanzoni mwa karne ya 13 na kuwekwa katika hekalu la Tōdaiji, mjini Nara. Chōgen, aliyefariki mwaka 1206, ndiye aliyesimamia ujenzi mpya wa hekalu hilo baada ya kuteketezwa mwaka 1180. Mchongaji hakumpamba. Ni mzee aliyeketi, shingo imeinama mbele, mashavu yamebonyea, vidole vimeshika tasbihi. Taamuli hapa ni kazi ya mwili mkongwe unaolirudia jina la Buddha Amida, punje baada ya punje. Msomaji wa pwani aliyepata kumwona mzee akivuta uradi hatashindwa kuielewa. Hata hivyo, jumba la sanamu hiyo hufunguliwa kwa umma siku chache tu za mwaka. Kufichwa ni sehemu ya ibada, na wafungao mlango ndio waufunguao.

Mfano wa pili ni Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo, ambao Ngao, katika eneo la Garsen, ni mojawapo ya vijiji vyao. Ngadji haikuchongwa ili itazamwe. Ilitunzwa mafichoni na wazee wa Kijo. Wengine waliisikia tu. Maudhui yake, yaani mamlaka na hofu ya kilicho kitakatifu, yalikaa baina ya sikio na jicho. Mchongaji wa Nara aliufanya ukimya uonekane. Mchongaji wa Tana aliifanya sauti itawale bila kuonekana.

Mwaka 1902 maofisa wa Kiingereza waliichukua Ngadji, na tangu mwaka 1908 imo katika Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, ghalani. Hapa ndipo mhakiki wa "sanamu" anapokwama. Akipima kwa jicho, atasema hakuna kilichobadilika: zamani ilifichwa, na huko nako imefichwa. Ukweli ni kinyume. Mafichoni kwa Wakijo ilisikika. Ghalani ni bubu. Kule ufunguo ulikuwa mikononi mwa Wapokomo. Huku wao ndio waombao ruhusa.

Haifai kuipamba Kijo. Siri yake iliwabana wanawake na wote wasioingizwa chamani. Lakini ubishi huo ulikuwa wa Wapokomo wenyewe kuumaliza, na kuchukuliwa kwa ngoma kuliwanyang'anya hata nafasi ya kubishana.

Kwa hiyo madai ya Wapokomo ya kurudishiwa Ngadji si madai ya mali peke yake. Ni suala la uhakiki pia. Kazi ambayo fani yake ni sauti itokayo mafichoni haihakikiwi kwa picha wala kwa vipimo vya urefu. Lugha ya uhakiki na ianze kwa kuliacha neno "sanamu" likae mahali pake, na kuiita ngoma, ngoma.