Orijino ya Nani?

Kuna aina ya video ambayo bila shaka ushakutana nayo. Pikapu kuukuu inavutwa kutoka kichakani, kuku wanachomoka mbio chini ya kiti. Muziki unaanza. Rangi inakwanguliwa, kutu inapigwa msasa, boliti zinapangwa mezani moja moja. Dakika kumi baadaye pikapu ileile inateleza kwenye lami ikimeremeta, na pale chini pameandikwa: kama ilivyotoka kiwandani.

Mimi nazichukulia kazi hizi, gari na video yake, kama kazi nyingine yoyote ya sanaa. Zina kanuni zake, zina mashabiki wake, na zina mambo zinayoyasema na mengine zinayoyanyamazia. Basi tuzihakiki. Nitafanya hivyo nikiwa na gari moja akilini, Pijo 504 pikapu, na mahali pamoja, Adu, kule ndani kaskazini mwa Malindi, katika eneo bunge la Magarini. (Ndiyo, Magarini. Sikulipa jina mimi.)

Tuanze kwa haki. Kurudisha gari katika hali ya kiwandani hakuishii kwenye kupaka rangi. Bodi inatolewa juu ya chesisi. Kila kipande kinalinganishwa na vitabu vya kiwanda: rangi ilikuwa namba gani, kitambaa cha kiti kilishonwa vipi, kabureta ilikuwa ya aina gani. Kinachosafishika kinasafishwa, kilichooza kinatafutiwa mwenzake, na kutafuta huko kunaweza kuchukua miaka. Nairobi kuna hata jukwaa la watu wa kazi hii. Africa Concours d'Elegance huandaliwa na klabu ya wenye magari ya Alfa Romeo, na ilianza 1970. Waamuzi hukagua rangi, injini na viti, kisha huinama kuchungulia hata chini ya gari. Ukiwatazama utajua kwamba huu ni usomaji makini, uleule anaoufanya mhakiki mbele ya shairi, ambapo hata koma lazima ijieleze.

Kwa hiyo heshima ipo. Tatizo langu ni lile neno, kiwandani.

Peugeot 504 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1968, na 1969 ikatawazwa Gari la Mwaka la Ulaya. Pikapu yake ilikuja kama miaka kumi baadaye: injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, springi za vyuma bapa kule nyuma, na uwezo wa kubeba zaidi ya tani moja. Jina lenyewe lilikuwa tayari kubwa hapa kwetu. Pijo 404 ilishinda Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. 504 nayo ikashinda 1975 na 1978. Na wakati madereva wa mbio wakipewa vikombe, pikapu za Pijo zilikuwa zikifanya kazi ambayo haikupewa kikombe na mtu: ziliwekewa mabenchi na paa, zikawa matatu, abiria wakitazamana magoti kwa magoti.

Sasa swali la kwanza. Kiwanda kipi?

Katika miaka ya 1970 Kenya ilipata viwanda vitatu vya kuunganisha magari: Thika, Nairobi na Mombasa. Magari yalifika vipande vipande ndani ya makasha, yakaunganishwa hapa. Ufaransa iliacha kuunda saluni ya 504 mwaka 1983, lakini Kenya iliendelea kuunganisha 504 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tena si kufunga boliti tu. Sera ya wakati ule ilitaka waunganishaji watumie vitu kadhaa vya humu humu nchini, kama betri, matairi, springi, rangi na vitambaa vya viti. Pijo iliyotoka mlangoni hapa ilikuwa na michoro ya Kifaransa na mwili ambao sehemu yake ilikuwa ya hapa hapa.

Ndiyo maana mtu anapoagiza kitambaa cha kiti kutoka ng'ambo ili Pijo ya Kenya irudi "orijino", anafanya kitu cha ajabu sana. Anaipa gari utoto ambao haikuwa nao. Anafuta jasho la mfanyakazi wa hapa kwa kudhani kwamba kiwanda, kikiwa kiwanda kweli, lazima kiwe mbali.

Swali la pili ni gumu zaidi. Kiwanda kiliishia wapi?

Pikapu ya kazi, hasa ya barabara kama za Adu, haikuwa imekamilika siku iliponunuliwa. Kutoka dukani ilikwenda moja kwa moja kwa fundi wa kuchomelea. Akaitia keria juu ya kabini. Akainua vyuma pembeni ili mzigo usimwagike. Akaongeza bapa moja kwenye springi, maana alijua vizuri kwamba ile tani moja ya kwenye vitabu ingepuuzwa kabla wiki haijaisha. Akaacha matundu ya kupitishia kamba na turubai. Baada ya hapo ndipo gari likaanza maisha: magunia ya mahindi, maembe, mbuzi, mitungi ya maji wakati wa kiangazi, mgonjwa wa kupelekwa Malindi, jeneza la kurudishwa nyumbani, na siku nyingine, kwa pikapu hiyohiyo iliyooshwa vizuri, bibi harusi.

Mwili wa gari uliyaandika yote hayo. Ukishuka kutoka Adu kuelekea bahari unafika nchi ya chumvi, Gongoni na Marereni, ambako maji ya bahari hukingwa kwenye mabwawa na kuachiwa jua. Chumvi na chuma ni maadui wa siku nyingi. Hufanya unyevunyevu upitishe umeme vizuri zaidi, na kutu badala ya kutambaa inakimbia. Kwa hivyo kiraka kwenye sakafu ya pikapu ya huko kina maana yake: hapa palipita chumvi, au upepo wake. Bapa la ziada kwenye springi linasema walipakia kupita kipimo. Mlango wa rangi nyingine unasema kuna Pijo ya pili iliyokufa ili hii iishi. Huwezi kuyasoma haya kwenye vitabu vya kiwanda. Yanasomeka kwenye gari lenyewe, na msasa ukishapita hayasomeki tena.

Wanaohariri tenzi za kale wanalijua tatizo hili. Nakala za utenzi mmoja zinaweza kutofautiana, kwa sababu kila mnakili alikuwa na mkono wake na pengine na lahaja yake. Mhariri mmoja atafuta tofauti zote ili ayafikie maneno ya kwanza ya mtunzi. Mwingine ataziweka nakala zote mezani na kukuonyesha ni nani alibadili nini. Wote wawili wanaupenda utenzi. Lakini wa kwanza anakuomba uamini kwamba baada ya mtunzi hapakuwa na mtu mwingine mwenye maana. Video zetu nyingi ni za mhariri huyo wa kwanza.

Sasa upande wa pili, maana upo na una nguvu. Ni rahisi kwa mimi na wewe, tuliokaa mjini na bando la intaneti na kikombe cha kahawa, kuona ushairi kwenye kiraka. Aliyekaa nyuma ya ile pikapu amempakata mgonjwa hakuona ushairi wowote. Aliona vumbi. Breki zisizoshika si urithi. Nyaya zilizofungwa na plastiki si utamaduni, ni moto unaosubiri siku yake. Na mtu wa Adu akishika pesa leo hanunui Pijo ili tumsifu kwa kuhifadhi historia. Ananunua Probox, au bodaboda, na kwa akili timamu kabisa. Kipya kinyemi ingawa kidonda, wahenga walisema, na hapa kipya hata si kidonda.

Tena wanaorejesha magari wanaokoa ujuzi ambao ungepotea. Kizazi cha mafundi kinachochomeka kompyuta ili gari liseme linaumwa wapi hakilazimiki kujua kurekebisha kabureta kwa kusikiliza tu injini inavyopumua. Mtu akiifungua injini ya Pijo, akairekodi boliti kwa boliti, ameandika kitabu. Sitaki kitabu hicho kikosekane.

Ila Pwani hii ina mafunzo yake kuhusu vitu vya kale, na ningependa warejeshaji wetu wayatazame kabla ya kutazama Ulaya. Chukua Gede, kusini kidogo mwa Malindi. Mji ulihamwa karne ya 17, msitu ukaumeza, na kuanzia 1948 James Kirkman akaanza kuuchimba. Kuta ziliimarishwa zisianguke. Lakini kasri halikujengewa paa jipya na kupakwa chokaa ili lionekane kama siku ya kwanza. Ukifika leo unaona nyumba na unaona pia miaka iliyopita juu yake. Hakuna aliyelalamika kwamba kazi haijakamilika. Mwaka 2024 UNESCO iliuweka mji huo kwenye orodha ya urithi wa dunia vivyo hivyo, bila paa.

Halafu kuna vigango, zile nguzo za kuchonga ambazo Wagiriama huwasimikia wazee wa Gohu waliofariki. Kigango kikishasimikwa huachwa mahali pake. Mvua inakinyeshea, mchwa wanakila, na huko kuchakaa ni sehemu ya maisha yake. Wakusanyaji walivichukua vingi, vikasafirishwa, vikawekwa kwenye majumba ya makumbusho na sebule za watu, mahali pasipo na mchwa. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver, Marekani, lilitangaza kwamba litarudisha vigango 30. Machoni pa mkusanyaji, kigango kiliokolewa. Machoni pa familia, kiliibwa. Kigango kilekile, hadithi mbili: mti haukuoza, lakini aliyewekewa akapoteza jina na kuwa "sanaa ya Afrika Mashariki".

Pijo si kigango, na hakuna anayeitambikia. Mwenyewe akiiuza ameiuza, na pesa amekula. Lakini kuna kitu kimoja kinachofanana. Pikapu ikinunuliwa kijijini kwa bei ya chuma chakavu, ikapelekwa mjini na kung'arishwa, maelezo yake yatataja mwaka, injini na namba ya rangi. Hayatataja Adu. Hayatamtaja yule fundi aliyeiweka barabarani miaka thelathini bila spea, bila karakana yenye paa, kwa mashine moja ya kuchomelea na akili yake. Kusema kweli yeye ndiye aliyelirejesha gari hilo, tena mara nyingi, kabla kamera haijawashwa. Sasa kazi yake inaitwa uchafu, na sehemu ya kwanza ya video ni ya kuuondoa.

Hapo ndipo lugha inapotusaidia. Dukani kwa muuza spea, "orijino" maana yake ni si feki. Kwenye mashindano, orijino ni siku ya kwanza. Lakini Kiswahili kina neno lake la zamani, asili, na asili ni shina, ni ulikotoka, ni watu waliokufanya uwe ulivyo. Wanaposema mwacha asili ni mtumwa, hawakuambii urudi kuwa mtoto mchanga. Wanakuambia usiwasahau wenyewe. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa majahazi kule Lamu: ubao ukioza hutolewa, mwingine hutiwa, mwaka baada ya mwaka, na jahazi linabaki lilelile kwa sababu jina na kazi havikukatika.

Kwa hiyo ninayemsubiri ni mrejeshaji atakayefanya kazi ya mhariri wa pili. Breki mpya, nyaya mpya, hapo hakuna mjadala. Kutu itolewe, maana kutu haina adabu. Lakini keria ya fundi ibaki. Sakafu ikibidi kubadilishwa, kiraka kipigwe picha kwanza, na aliyekipiga atafutwe, aulizwe alikipiga lini na kwa nini, na akikubali jina lake liandikwe. Viti vishonwe na fundi wa hapa, maana hiyo ndiyo historia ya viti vyenyewe. Na kama mwenye gari anataka kweli siku ya kwanza, sawa, ni gari lake. Aseme tu ni siku ya kwanza ya wapi.

Gari la namna hiyo huenda lisishinde kombe. Mwamuzi atainama, achungulie, aone springi yenye bapa moja la ziada, apunguze alama. Ni sawa. Kwenye kibao chake paandikwe tu ukweli wote: ilichorwa Ufaransa, ikaunganishwa Kenya, ikamaliziwa Adu.