Baragumu Sebuleni: Klipschorn na Voice of the Theatre

Ukimtajia mtu wa hapa kwetu spika yenye baragumu, kinachomjia akilini ni lile bomba lililofungwa kwenye mnara wa msikiti, kwenye paa la kanisa au juu ya gari la kampeni. Kazi yake ni kufika mbali, na utamu wa sauti hauulizwi. Kwa hiyo mtu akisema kwamba baadhi ya spika bora za kusikilizia muziki nyumbani ni za baragumu, tena ziliundwa kabla wazazi wetu hawajazaliwa, wengi watamcheka. Katika insha hii ninalinganisha mbili kati ya hizo, zote za Marekani: Klipschorn, na A7 ya Altec Lansing, mojawapo ya spika zinazoitwa Voice of the Theatre. Hoja yangu ni kwamba spika ya nyumbani haihukumiwi peke yake. Tunapaswa kuuliza kwanza: aliyeiunda alimfikiria msikilizaji akiwa wapi?

Tuanze na baragumu lenyewe. Mtu anapopuliza pembe, midomo yake hutetemeka kidogo tu. Pembe hupanuka polepole kutoka kooni hadi mdomoni, na mtetemo ule mdogo hukabidhiwa hewa nyingi bila kupotea njiani. Gramafoni za mwanzo zilitegemea siri hiyohiyo. Hazikuwa na amplifaya. Sindano ilitikisa kiwambo chembamba, na baragumu likafanya kazi iliyobaki. Santuri alizorekodi Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928 zilitoka katika zama hizo, na wengi walioisikia sauti yake kutoka kwenye santuri waliisikia kupitia baragumu. Kwa maana hiyo, baragumu nyumbani si jambo geni kwa Mswahili. Tumelisahau tu.

Umeme ulipokuja, amplifaya za valvu zilitoa wati chache. Spika yenye baragumu iliziheshimu wati hizo. Klipschorn, ikipewa wati moja, hutoa takriban desibeli 104 kwa umbali wa mita moja. Spika nyingi za kawaida za leo hutoa kama desibeli 88. Tofauti ya 16 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini maana yake ni kwamba spika ya kawaida inahitaji wati 40 ili ifike pale Klipschorn inapofika kwa wati moja.

Mtu atauliza: leo amplifaya ya wati 100 inapatikana kwa bei nafuu, baragumu la nini tena? Jibu liko kwenye mwendo wa kiwambo. Spika isiyo na baragumu hulazimika kuitupa koni yake mbele na nyuma kwa nguvu ili isikike, na kadiri koni inavyokwenda mbali ndivyo inavyoipotosha sauti. Kiwambo cha baragumu husogea kidogo sana. Ndiyo maana sifa ya kwanza ya spika hizi nyumbani ni wepesi: ngoma ikigongwa ghafla inafika ghafla, na mwimbaji akinong'ona, mnong'ono unabaki mnong'ono lakini maneno yote yanasikika. Kwetu sisi tunaosoma lugha na kuzisikiliza nyimbo kwa ajili ya maneno, sifa hiyo si ndogo.

Paul Klipsch alikuwa mhandisi aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1946 katika mji wa Hope, jimbo la Arkansas. Tatizo lililomkabili ni ukubwa. Wimbi la besi lenye mitetemo 40 kwa sekunde lina urefu wa zaidi ya mita nane, na baragumu la kulibeba vizuri linahitaji mdomo mpana kupita kiasi cha nyumba yoyote ya kawaida. Klipsch akaitazama kona ya chumba. Kuta mbili zinazokutana na sakafu tayari ni umbo linalopanuka. Akalikunja baragumu ndani ya kabati la mbao lenye kimo cha kama mita moja na robo, akaliweka konani, na kuziachia kuta zenyewe kazi ya kulimalizia. Kabati unaloliona ni sehemu tu ya spika; sehemu iliyobaki ni nyumba yako.

Altec Lansing walikuwa na mteja mwingine kabisa. Ukoo wa Voice of the Theatre ulizaliwa miaka ya 1940 kwa ajili ya kumbi za sinema, ukae nyuma ya pazia na kupeleka mazungumzo ya filamu hadi kiti cha mwisho. A7 ni mmoja wa wadogo katika ukoo huo, ingawa katika sebule haonekani mdogo hata kidogo. Ndani ya kasha lake kuna koni ya inchi 15 iliyotanguliwa na baragumu fupi pana, na chini kuna tundu la kuisaidia besi. Juu limewekwa baragumu la chuma linalobeba sauti nyembamba. Halikupambwa, wala halikuhitaji pambo, kwa kuwa hakuna aliyetarajiwa kuliona.

Nilibahatika kuzisikiliza jozi zote mbili katika chumba kimoja, kwa fundi wa redio mstaafu hapa Kampala, katika nyumba ya zamani yenye sebule ndefu. Amplifaya ilikuwa ya valvu, wati nane kila upande. Tulicheza santuri za rumba ya OK Jazz na za taarabu, tukabadilisha spika bila kubadilisha kiti.

Kwa upande wa nguvu, A7 ilishinda mara moja. Magitaa ya rumba yalitoka kama yanapigwa mbele yetu, na tarumbeta zilikuwa na ukali wa kweli wa shaba. Lakini tulikuwa tumekaa mita tatu hivi kutoka kwenye spika, na kwa umbali huo nilisikia watu wawili: mmoja juu, kwenye baragumu la chuma, na mwingine chini, kwenye koni. Mwimbaji akipanda sauti alikuwa kama anasimama, akishuka anaketi. Nilipokwenda kusimama mlangoni, mwisho kabisa wa sebule, watu wale wawili wakawa mmoja. Hapo nikaelewa kwamba A7 haikuwa na kosa. Ilikuwa inazungumza na mtu wa kiti cha nyuma, na mimi nilikuwa nimekaa mahali ambapo hakuna aliyepangiwa kukaa. Besi yake nayo iliishia mapema. Gitaa la besi lilisikika vizuri likipanda, na likishuka chini kabisa likafifia.

Klipschorn haikunishangaza kwa haraka. Ilichukua wimbo mzima ndipo nikagundua kwamba nimeacha kuzifikiria spika. Besi ilishuka chini bila kuvuma, ikitoka ukutani badala ya kutoka kwenye kabati. Katika taarabu, udi ulikaa mahali pake na maneno ya mwimbaji yakaja mazima, hata irabu za mwisho wa mshororo ambazo spika nyingi huzimeza. Ina dosari zake. Sauti za kati zina chembe ya upuani, hasa zeze likipigwa kwa nguvu. Kiti kizuri ni kimoja au viwili. Ukisogea pembeni, picha ya bendi inapinda. Tena besi husafiri njia ndefu iliyokunjwa wakati sauti nyembamba inakuja moja kwa moja, na wapo wasikilizaji wanaodai kuisikia tofauti hiyo. Mimi sikuisikia.

Ulinganisho huu haukuwa mchezo kwa mwenyeji wetu. Anahamia kwa bintiye, katika nyumba ndogo zaidi, na kuna nafasi ya jozi moja tu. Sebule ya huko ina kona moja nzima. Ya pili imekatwa na mlango. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe msomi, ungebeba ipi?"

Jibu jepesi lingekuwa A7, kwa kuwa haidai kona. Unaiegemeza popote kwenye ukuta. Klipsch mwenyewe alijua kwamba si kila nyumba ina kona mbili nzuri, na ndiyo maana baadaye aliunda Cornwall, mwaka 1959, inayokubali kukaa konani au ukutani. Hata hivyo, nilimjibu mzee abebe Klipschorn, kisha amtafute seremala. Wenye spika hizi wasio na kona hujenga kona ya bandia: mbao pana na imara, zenye urefu wa zaidi ya mita moja kutoka kwenye spika, zinazoshika nafasi ya ukuta uliokosekana. Kazi hiyo haipendezi sana machoni, lakini inawezekana, na mlango utaendelea kufunguka.

Sababu yangu ni hii. Kila moja ya spika hizi ina kitu inachokidai kwa mwenye nyumba. Klipschorn inadai ukuta, na ukuta unajengwa. A7 inadai umbali, na katika nyumba ndogo umbali hauongezwi na seremala yeyote. Mwenye ukumbi, au mwenye sebule ya mita nane au tisa, asinisikilize. Achukue A7 na atafurahi nayo kuliko mimi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Anayetaka kununua spika kuukuu kwa sifa za jina lake, au kwa ukubwa wa baragumu lake, apime kwanza chumba chake, ahesabu kona zake, na aketi pale atakapoketi kila jioni. Sauti atakayoisikia akiwa hapo ndiyo atakayoishi nayo.